Nyumba Iliyolishwa Chokaa

Beseni la kufulia ndilo lililogundua kwanza. Asubuhi Geneviève alitoka nalo kwenda kuanika. Mchana, aliporudi, likakwama mlangoni. Akaligeuza ubavu, akalisukuma kwa goti, akacheka. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, na mwenye mimba huzoea kuona dunia ikimbana.

Mumewe, Raoul, hakucheka. Yeye ndiye aliyeujenga mlango ule.

Raoul alikuwa msanifu wa majengo. Alishatembea nchi nyingi kuangalia minara ya vioo inayopozwa kwa mashine, na kila aliporudi Lubumbashi aliwakuta watu wake wakiokwa chini ya mabati kama mikate. Basi lilipotangazwa shindano la kimataifa la kubuni nyumba ya familia inayojipoza yenyewe, bila umeme wala kuni, alijibu kwa kuonyesha kidole dirishani. Katika kiwanja chao, pembezoni mwa mji, kilisimama kichuguu kirefu kuliko lori. Mchwa hawajawahi kuletewa faktura ya umeme, alisema, na kwao ni baridi mwaka mzima.

Akakikata, akafyatua matofali, akajenga nyumba yenye mirija ndani ya kuta ili ipumue. Masharti yalitaka familia iishi humo mpaka siku ya hukumu, kipimo kidogo ukutani kikiwatumia majaji joto la kila saa. Mshindi angepewa kazi ng'ambo, yeye na familia yake. Mwaka ule, vita vikiunguruma mashariki, wanajeshi wakizunguka mitaani na maduka yakifungwa kabla ya adhuhuri, nani asingetaka kuondoka?

Kulikuwa na jambo moja tu. Katanga nzima hufyatua matofali ya kichuguu, lakini kichuguu kikubwa hakikatwi hivihivi. Jioni unamwaga unga mweupe chini yake, unamwambia mwenye mahali, yule mzimu wa kichuguu, unachotaka. Asubuhi unga ukiwa mzima, amekubali. Ukitawanywa, beba jembe lako uende. Geneviève alisisitiza, na Raoul aliapa kwamba angefanya. Ila mpaka wa Kasumbalesa ulikuwa umefungwa, malori ya unga ya rafiki yao Kasereka yamekwama huko, na unga mjini uliuzwa kwa bilauri. Kasereka mwenyewe, aliyekimbia Goma baada ya depo yake kuporwa, alikuwa amebaki na magunia ya chokaa tu. Raoul akaona, cheupe ni cheupe. Akamwaga chokaa. Asubuhi ilikuwa nzima, hata sisimizi hajaikanyaga. Akafurahi, msomi wa watu. Nani atawanye chokaa?

"Raoul, mulango iko inapunguka," Geneviève alisema jioni ya siku ya beseni.

"Ni mbao. Iko inavimba."

"Tuliweka ya chuma."

Raoul akaenda kutazama. Fremu ya chuma haikuonekana tena. Udongo mbichi ulikuwa umeimeza pande zote mbili, laini, kama umelambwa.

Aliukwangua. Kesho yake ulikuwa umerudi mnene zaidi. Saa sita mchana, mji ukikaangwa nje, mle ndani kulikuwa na baridi ya kutetemesha, na kukanuka harufu ya mvua ya kwanza ilhali mawingu hayajaonekana kwa miezi. Ndoo za maji zikakauka bila kutoboka. Na katika kuta, ukitega sikio, kulikuwa na mlio mdogo wa vinywa vingi vikilowesha udongo.

Geneviève akaomba wahamie kwa dada yake. Raoul akamsihi avumilie mpaka Ijumaa, siku ya hukumu. Tena nje risasi zinalia, ndani ni salama kuliko nje. Mchungaji Ephraïm aliitwa kuombea, lakini kitambi chake kilikwama kizingitini, akaombea hapohapo, nusu ndani nusu nje, na walipomvuta akatoka bila kifungo kimoja cha shati na bila hamu ya kurudi. Kufikia Jumatano Geneviève hakuweza kupita hata kiubavu, ingawa Raoul alikwangua usiku kucha. Madirisha yalikuwa yamebaki matundu ya ngumi. Raoul, mwembamba kama ufito, aliendelea kuingia na kutoka na sahani zake na maji yake, na alikuwa katikati ya mlango, sahani mkononi, alipokumbuka kile alichokisoma miaka yote ile na kukisifu mbele ya wageni, kwamba mchwa humjengea mama yao chumba, kisha humzibia humo, yeye akizidi kunenepa na mlango ukizidi kuwa mdogo, mpaka wanaopita ni wale tu wanaomlisha.

Alimwita Geneviève kwa sauti ya chini. Mkewe alikaa pembeni mwa kitanda, midomo imempauka.

"Ile siku ya kichuguu, uliweka bunga?" aliuliza.

Raoul akaweka sahani chini.

"Raoul. Uliweka nini?"

"Chokaa."

Geneviève alishika tumbo lake. Ukutani vile vinywa vilinyamaza, kana kwamba navyo vilikuwa vikilisubiri jibu hilo.

"Njo maana hii nyumba iko na kiu," alisema.

Mpaka ulifunguliwa kidogo, na Ijumaa adhuhuri Kasereka akafika na gunia la unga wa kweli. Raoul alimwaga wote chini ya ukuta, akapiga magoti. Kasereka alimsikia vizuri. "Mwachilie huyu. Mwenye kosa ni miye." Wakangoja. Upepo wa kiangazi ulirusha vumbi la barabarani, ukarusha majani, lakini juu ya unga haikutikisika hata punje.

"Anaitika," Kasereka alinong'ona.

Mlango ulifunguka kama kinywa kinachopiga mwayo. Miguu ya Geneviève ilikuwa imekufa ganzi, basi Raoul akaingia, akambeba, akampitisha mikononi mwa Kasereka. Kisha akanyoosha mkono ili naye avutwe. Mlango ukajifunga, mkono ndio uliobaki nje. Geneviève aliushika.

"Uambie majaji," Raoul alisema, sauti ikitokea mbali, "mulango iko na kasoro."

Vidole vikateleza. Ukuta ukawa laini. Kasereka alipiga sururu mpaka doria ikamfukuza. Kila alipotoboa, udongo mbichi ulijifunga nyuma ya chuma.

Majaji walipiga simu wiki iliyofuata. Walisikitika sana. Nyumba ile iliongoza kwa ubaridi mpaka Ijumaa. Tangu hapo, usiku au mchana, joto lake halipungui wala halizidi nyuzi thelathini na saba. Waliuliza ni nini kimeharibika.

Kasereka alimtafsiria Geneviève, polepole. Geneviève alikuwa muuguzi. Alisogelea ile nyumba, akaweka kiganja ukutani kama anavyokiweka kwenye paji la uso la mgonjwa.

"Hana homa," alisema.