Mke Ndani ya Kishikwambi

Suzana alipoingia dukani na hotpoti ya chakula, kompyuta ililia ule mlio wa kifaa kilichochomolewa. Lakini waya ulikuwa bado umechomekwa.

"Umekifukuza," alisema Hironimus, bila kumtazama.

Hironimus, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Bombambili, alikuwa mchumba wake. Jumapili matangazo yao ya ndoa yangesomwa kanisani kwa mara ya mwisho. Kishikwambi alichokihangaikia kililetwa na Mama Mwamvua, mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru. Kilitumia mfumo wa Linux, na kompyuta haikukiona kabisa. Fundi alibadilisha waya, akasafisha tundu la USB, akatafuta kidhibiti, programu ndogo inayokifanya kijitambulishe kwa kompyuta. Folda yake ilikuwa tupu.

Suzana akitoka, kidhibiti kinatokea. Akirudi, folda tupu.

"Kaa nje kidogo, Suzi."

"Kwa hiyo mimi ndiye ubovu?"

Alikaa kwenye benchi la nje. Ndani alimsikia mchumba wake akicheka taratibu, kicheko ambacho yeye alikuwa hajapewa siku nyingi, na harufu ya udi ikapenya chini ya mlango ingawa hakuna aliyechoma udi, naye akachungulia, akaona vidole vya Hironimus vikipapasa kioo cheusi, na ndani ya kioo kile kichwa cha mwanamke kimelala begani kwake, wakati begani kwake hapakuwa na mtu.

Alipiga kelele. Siku hiyohiyo akampigia simu Mama Mwamvua, naye akaja.

"Shikamoo, mama," alisema Suzana.

"Marahaba. Fundi, nilikwambia usikiguse bila bismillahi, ukacheka. Ulikiambia nini?"

"Nilikibembeleza tu, kama ninavyobembeleza vifaa vyote. Nilisema, 'Njoo mke wangu, usinikatae.'"

"Mke!" Mama Mwamvua alishusha sauti. "Jini aliyemo humo sisi humwita dada. Wewe umemposa, naye kakubali. Mpe talaka tatu, kwa sauti, huyu binti akisikia."

Hironimus alikishika kwa mikono miwili.

"Nimekuacha." Kioo kikafifia. "Nimekuacha."

Hapo bodaboda ikapita mlangoni ikinguruma. Suzana aliona midomo ya Hironimus ikicheza, lakini hakusikia neno. Kompyuta ikalia: kifaa kimeunganishwa. Folda ilikuwa na kidhibiti, ingawa Suzana alikuwa ndani ya duka.

"Alhamdulillahi," alisema Mama Mwamvua, akaondoka na mali yake.

Suzana alitaka kumwambia Hironimus arudie la tatu. Aliogopa kwamba angekataa.

Jumapili padre alisoma majina yao, akauliza kama yupo anayejua kizuizi cha ndoa hiyo. Hakuna aliyesimama. Harufu ya udi ikapita kati ya mabenchi. Kisha katika mfuko wa shati la Hironimus, simu iliyokuwa imezimwa ikalia ule mlio: kifaa kimeunganishwa.

Suzana alimgeukia. Hironimus alikuwa anatabasamu, bila kumtazama.