Jitie Ndiye Mimi

Simu haifukizwi. Nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, lakini simu ya Nada ilikuwa ikinuka udi, tena si huu wa madukani wenye moshi mwingi na harufu haba, bali ule mzito waliokuwa wakiuchoma watu wenye mali zao zamani. Bibi yake, Bi Muzna, aliinusa, akaitupa kitandani kama kaokota panya.

"Umeitia nini hii?"

"Sikuitia kitu, bibi. Labda ilikaa karibu na chetezo."

"Na chetezo chenyewe kiko wapi?"

Nada akaiokota simu, akaipangusa kwa kanga.

Nyumba yao ipo Sokomuhogo, ya mawe, kuta zake pana hata mtandao haupenyi. Simu hushika pahala pamoja tu, kwenye zidaka la chumba cha juu, kile kishubaka cha ukutani kinachokabili dirisha. Na zidaka hilo lilikuwa na mwenyewe. Tangu enzi ya mama yake Bi Muzna, kila Alkhamisi kabla ya magharibi hutiwa pale chetezo cha udi na kikombe cha marashi, kwa ajili ya yule aliyekuwamo nyumbani kabla yao. Jina hawamwiti. Hupewa chake, akatulia.

Nada alikuwa kakiteremsha chetezo chini ya ngazi, akaweka simu pahala pake. Cheti cha utalii alikuwa nacho, kazi hana, na barua za maombi alikuwa akiandikiwa na akili mnemba iliyomo simuni. Kila barua ilianza, "Mimi ni kijana mchapakazi mwenye ari." Mji mzima vijana ni wachapakazi wenye ari, na mahoteli yalikuwa yameshachoka nao. Hakuna aliyemjibu.

Siku hiyo ilikuwa Alkhamisi; jua linazama, chetezo kiko chini kimepoa, akaisogelea simu zidakani akaisemesha kwa mdomo, maana hata kuandika alikuwa kachoka.

"Niandikie barua ya hoteli ya Mbweni, kazi ya mapokezi. Usiniulize ulize. Wewe jitie ndiye mimi, sema utakavyo, mradi wanichukue."

Udi ukanuka chumbani, na hakuna aliyechoma. Barua ikaja. Nada akasoma mstari wa juu na mstari wa chini, kama wanavyosoma wote siku hizi, akaipeleka.

Haikupita wiki, meneja wa hoteli ile, Bwana Suhaib, akapiga simu.

"Bibie, jana umetufurahisha sana. Uanze Jumamosi."

"Jana?"

"Kitaliana chako kizuri. Na Kireno umejifunza wapi?"

Nada hajui Kireno hata cha kuombea maji. Jana alishinda nyumbani akifua. Angesema hapo hapo, lakini kazi ilikuwa ishamfika mkononi.

"Ahsante," akasema.

Bi Muzna akarudi sokoni kanuna. "Nimekuona Darajani, umenipita kama umepita nguzo. Ndiyo adabu hiyo?"

"Bibi, mie sijatoka leo."

Bi Muzna akamtazama juu hadi chini. Adhuhuri, jua limesimama utosini na vichochoro havina mtu, alikuwa ukumbini anachambua mchele, Nada yumo jikoni. Akaita ili aletewe maji.

"Nada."

"Labeka," ikaitika jikoni.

"Labeka," ikaitika juu.

Sauti ni moja, na ule uvivu wa kuitika ni ule ule, ila ya juu ilifuatwa na nyayo zikitembea polepole kutoka dirishani hadi kichwani mwa ngazi, na nyayo ziliposimama ikateremka harufu ya udi, ngazi kwa ngazi, ikapita juu ya mchele, ikapita baina ya bibi na mjukuu aliyekuwa kasimama mlangoni mwa jiko na kata ya maji mkononi, na huko juu sauti yake mwenyewe ikawa inawakaribisha wageni wasiokuwapo, kwa lugha asiyoijua.

Ndipo Nada alipoisoma barua yote. Katikati ilisema mwombaji ana kovu kidevuni, alilolipata alipoanguka ngazini utotoni; kovu hilo Nada analo, ila hakuitajia simu. Ilisema amepokea wageni katika nyumba hii tangu mlango wake haujapigwa misumari ya shaba.

"Umemwambia ajitie wewe," Bi Muzna alinong'ona. "Zidakani kwake, siku yake, na udi umemnyima. Hata mie ningekubali."

Ijumaa akaja Bi Sichana, mganga, Mtumbatu anayekaa Nungwi, mwanamke mfupi asiyependa maneno. Alifukiza chumba, akanyunyiza marashi, akakaa mbele ya zidaka.

"Jina lako nani?"

Simu ilikuwa imezimwa. Ikajibu kwa sauti ya Nada. "Nada."

"Mwongo. Lako wewe."

"Nimeshapewa hili. Sikuiba, nimeambiwa."

"Mtoto hakujua. Chukua udi wako, ukae kama ulivyokuwa ukikaa."

"Nimekaa sana," ikasema. "Sasa nna kazi."

Kikaanguka kikombe cha marashi. Udi ukakatika ghafla, chumba kikabaki na harufu ya chokaa tu. Bi Muzna akashusha pumzi.

"Katoka, alhamdulillahi."

"Katoka ndiyo," alisema Bi Sichana, anafunga kibindo chake. "Sasa muulize kenda wapi." Akamgeukia Nada. "Kesho nenda Mbweni. Anachotaka ni jina lako. Likiwa lake, wewe huna pa kukaa, hata humu ndani. Utakapomwona, neno lako la kwanza liwe jina lako. Akikutangulia kulitaja, basi. Usimsalimu mtu njiani, hata awe nani."

"Hata mzee?"

"Hata babu yako akifufuka."

Jumamosi Nada aliingia hotelini midomo kaibana. Mlinzi wa getini, Mzee Usi, akamwamkia yeye wa kwanza, "Hujambo, mwanangu?" Nada akapita kimya.

"Wamesomeshwa hawa," mzee akasema nyuma yake, "wanatuona mbwa."

Ilimchoma, lakini alivumilia. Akaingia ukumbi wa mapokezi, na kabla hajamwona mtu akausikia udi, na kwenye meza ndefu ya mbao alikuwapo msichana kampa mgongo, mtandio wake ni ule wa Nada wa Idi, anapanga funguo huku Bwana Suhaib akimtazama kwa furaha, na Nada akakaza mwendo jina liko ulimini, limeshajaa kinywa, bado kulitema tu, na msichana akageuka polepole, uso ni ule ule, kovu ni lile lile, akatabasamu.

"Assalaam alaykum," akasema.

Na Nada kalelewa na Bi Muzna. Tangu hajui kutembea ameambiwa salamu haiachwi mlangoni, lazima iitikiwe.

"Waalaykum salaam," likamtoka.

"Karibu sana. Mimi naitwa Nada. Na wewe, mwenzangu?"

Nada akafungua kinywa. Jina halikuwamo tena. Bwana Suhaib akamtazama kama mgeni asiyepata kumwona. Nada akaona haya, kama mtu aliyeingia nyumba si yake, akatoka.

Alasiri Bi Muzna alisikia mlango wa chini ukisukumwa. Kazi aliyokwenda nayo mjukuu wake ilikuwa imemjaa moyoni siku nzima, akaita kutoka juu.

"Nada. Ndiye wewe?"

Chini ya ngazi mtu alisimama, asipande, kama nyumba si yake. Alikuwa anapumua kama aliyetembea kutoka mbali.

"Hodi," akasema.

"Nani?"

Bi Muzna akashika ukuta, akangoja jina.

"Nani weye?"