Maige Adai Ngozi ya Hisa Yake

Sikilizeni, watu wa Nyahanga na vitongoji vyake, hasa ninyi mnaosinzia likitajwa neno hisa. Habari hii inawahusu, na ng'ombe wenu pia.

Nyumba ya Maige ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi Melania, mkewe, alikoroga uji uani, kuku wakipita katikati ya miguu yake, naye Maige alikaa kwenye kigoda akiwasifu ng'ombe wake, ambao hawakuwapo. Mmoja alikuwa kwa rafiki, wengine kwa shemeji, wengine mbali kuelekea Isaka. Mnaujua utaratibu wetu: unamweka ng'ombe kwa mwenzako, yeye anakunywa maziwa, wewe unapata ndama. Ng'ombe akifa, mtunzaji anakuletea ngozi uione kwa macho yako. Asiyeleta ngozi analipa.

Ndipo akaja Eustace juu ya baiskeli, amevaa tai katika jua lile.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Melania kwa Kisukuma kilichochechemea, yaani habari za asubuhi, mama. Kisha akamgeukia Maige. "Shikamoo, mzee. Mimi ni dalali wa hisa."

"Marahaba. Hisa ni mnyama gani?"

"Kuna kampuni inachimba dhahabu upande wa Geita. Inahitaji mtaji, yaani fedha za kununulia mashine na kulipa wachimbaji. Basi inaugawa umiliki wake vipande vipande. Kipande kimoja ndiyo hisa. Ukikinunua, wewe ni mwanahisa, mmoja wa wenye kampuni."

"Nitashuka shimoni?"

"Hushuki! Wanashuka wengine. Faida ikipatikana, unaletewa fungu lako hapo ulipokaa. Fungu hilo linaitwa gawio."

Maige alijipiga paja. "Kumbe ni ng'ombe wa kuweka kwa watu! Hisa ni ng'ombe, kampuni ni mtunzaji, gawio ni ndama!"

"Mzee, umeeleza kunishinda."

"Na akifa?" Melania aliuliza, mwiko mkononi.

"Nani, mama?"

"Huyo ng'ombe wenu wa chini ya ardhi."

Eustace alicheka hadi tai ikapinda. Tumtendee haki lakini: alisema pia kwamba bei ya hisa hupanda na kushuka, na kwamba gawio si ahadi. Alilisema hilo akiwa amekwisha panda baiskeli.

Wiki ile Maige alizunguka kukusanya ng'ombe wake wote awapeleke mnadani. Melania alimfuata hadi zizini.

"Baba Klara, kwa nini ng'ombe wako umewatawanya miaka yote?"

"Sotoka ikiingia zizi moja isiwamalize wote. Hilo nalo la kuuliza?"

"Sasa mbona unawaingiza wote katika shimo moja?"

"Dhahabu haina sotoka."

"Haya. Ila yule wangu, aliye kwa Paskalia kule Isaka, haondoki."

"Utabaki maskini, mayu!"

"Nitabaki na ng'ombe."

Gawio la kwanza lilikuja, dogo lakini la kweli, na Maige akanunua kofia. Alitembea nayo hata shambani, akiwaamkia watu kwa kuinyanyua. Gawio la pili halikuja. Mvua nayo haikuja. Mtama ulisimama mfupi, majani yamejikunja, na kila lilipopita lori barabarani Melania aliacha kupeta akasikiliza kama litasimama kushusha chakula cha msaada. Halikusimama. Chakula ghalani kilishuka hadi akawa anakikwangua kwa kibuyu, na sauti ya kukwangua ilimtia hofu kuliko njaa yenyewe. Miaka mingine ya namna hii waliuza ng'ombe mmoja, wakala. Mwaka huu wangeuza nini? Kofia?

"Twende Geita," alisema Maige mwishowe. "Kama amekufa, watanipa ngozi. Wasiponipa, watanilipa."

Melania alikwenda naye, akichelea mumewe asije akapigana na shimo.

Walikuta shimo limejaa maji, vyura wakiimba ndani yake kwa raha. Kando alikaa karani mmoja, Ignas, juu ya sanduku.

"Maji ya chini ya ardhi yalivunja ukuta," alisema. "Kampuni imefilisika, mzee."

"Pole zenu. Nipe ngozi."

"Ngozi gani?"

"Mtunzaji akifiwa na ng'ombe wangu huniletea ngozi! Mashine ziko wapi?"

"Wamezichukua waliokuwa wanaidai kampuni. Wao hulipwa kwanza. Mwanahisa hupata kinachobaki."

"Kimebaki nini?"

Ignas alilitazama shimo. Vyura walijibu.

"Basi nilipeni!"

"Nani akulipe, mzee wangu? Si wewe ndiye mwenye kampuni? Hii ni hasara yako, na ya wenzako."

Maige alivua kofia. Njia nzima hakuivaa tena, na Melania, aliyekuwa ameandaa maneno makali tangu Nyahanga, aliyameza yote.

Siku chache baadaye Paskalia aliingia uani akiswaga ng'ombe wa Melania, na ndama nyuma yake.

"Nimesikia yaliyowapata," alisema. "Ndama ni wenu. Na maziwa ya mwaka huu kunyweni ninyi."

Maige aliinuka kigodani akawakatia ng'ombe majani, yeye mwenyewe, bila kuambiwa. Mwaka ule walipona kwa kibuyu cha maziwa na uji mwepesi. Mvua iliporudi na ndama kukua, Melania aliuliza amweke wapi.

"Popote," alisema Maige, "ila si hapa na mama yake."

FUNZO

Hisa si dhambi, na gawio lile la kwanza halikuwa uongo. Lakini anayenunua hisa ananunua faida na hasara pamoja, na kampuni ikifa hana wa kumdai ngozi. Usitie humo chakula cha mwaka wa ukame, wala usitie vyote mahali pamoja. Maige aliyajua haya tangu utotoni. Aliyasahau mara tu aliposemeshwa na mtu mwenye tai. Nawe, mkeo akiuliza "Na akifa?", mjibu kwanza, ndipo uende mnadani.