Mkuu wa Mji Naye Ana Mkuu Wake

Kila asubuhi Mama Pasi aliwasha mkaa, akaujaza kwenye pasi yake, akaanza kunyoosha mashati ya watu barazani kwake. Alikuwa dobi. Pasi hiyo moja ndiyo iliyomlisha yeye na binti yake.

Siku moja askari wa mji wakafika. "Mkuu wa mji hataki biashara barazani," walisema. Wakaibeba pasi ikiwa ya moto, mmoja wao akaungua vidole. Shauri yake!

Jioni jirani yake, karani wa mahakama, alifuata shati lake. Akalikuta lina makunyanzi.

"Walikupa karatasi yoyote, dada?"

"Karatasi ya nini, kaka? Serikali ni serikali."

"Nayo ina mipaka. Mkuu wa mji anafuata sheria. Sheria inafuata katiba. Na katiba inasema mali ya mtu haichukuliwi hivi hivi."

Mama Pasi akasahau hata machozi. "Kumbe! Mkuu naye ana mkuu wake?"

"Anaye. Kesho nitakuonyesha pa kuandikisha malalamiko."

Siku ya kesi Mama Pasi alifika mahakamani na furushi. Ndani mlikuwa na shuka, sabuni na mswaki.

"Unasafiri?" karani aliuliza.

"Si nakwenda kufungwa? Mahakamani si ndiko wanakotoka watu wa jela?"

Karani alicheka akashika mbavu. "Leo wanaojibu ni wao, dada. Wewe ndiye unayeuliza."

Hakimu alimgeukia mwanasheria wa mji. "Nionyeshe sheria inayokataza kazi hii."

Mwanasheria alipekua mafaili, jasho likimtoka. "Mheshimiwa, ni agizo la mkuu."

"Nimeuliza sheria. Mkuu hana ruhusa ya kujitungia yake. Pasi irudishwe."

Furaha ilimjaa Mama Pasi, lakini swali likamtoka. "Na wewe, mheshimiwa, ukikosea?"

Watu wakaguna. Hakimu akatabasamu. "Wanakata rufaa, mama. Mahakama ya juu inanisahihisha."

Kesho yake askari yule aliyeungua vidole alileta pasi. Mama Pasi hakuipokea.

"Karatasi kwanza."

Askari akatoa hati ya mahakama ya kurudisha pasi. Mama Pasi aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, mpaka mwisho. Askari alisimama juani akimsubiri. Kisha Mama Pasi akachukua pasi yake, akawasha mkaa.

"Sasa lete na hilo shati lako," alimwambia. "Mtumishi wa watu hatembei na makunyanzi."