Ua Mmoja, Nyumba Tatu

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani yake, Sekela huteka ndoo mbili za maji kisimani. Ya kwanza ni yake. Ya pili humpelekea wifi yake, mke wa kaka yake Lusungu, mwenye mtoto mchanga. Wanasalimiana, wanamcheka mtoto kidogo, kisha kila mtu anaanza kazi.

Ua wao uko Mtoni, karibu na Barabara ya Kilwa. Aliuacha baba yao, aliyekuja Dar es Salaam kutoka Tukuyu akiwa kijana. Ndani mna nyumba tatu. Ya mbele, penye geti, ni ya Stanley, mtoto wa kwanza. Ya katikati, penye kisima, ni ya Lusungu. Ya nyuma kabisa, tena ndogo, ni ya Sekela, mtoto wa mwisho. Geti ni moja. Kisima ni kimoja.

Baba alipofariki, wazee wa ukoo walimkabidhi Stanley fimbo ya marehemu. Wakamwambia, "Sasa wewe ndiye baba yao."

Stanley aliyapokea maneno hayo kwa moyo wote. Aliwapenda wadogo zake. Alipanga saa ya kufunga geti, wakakubali. Alipanga zamu za kufagia, wakakubali. Kisha akaanza kuingia nyumba za wenzake bila hodi, kukagua. Akaamuru redio ya Lusungu izimwe mapema. Mwisho akakataza dagaa kukaangwa siku ya Jumapili, maana siku hiyo hupokea wageni wa kanisani.

"Kwani dagaa wamekosa nini?" Lusungu aliuliza.

"Wana harufu."

"Lakini nakaangia kwangu, braza."

"Kwako ni ndani ya ua. Na fimbo ya ua ninayo mie."

Jumapili iliyofuata Lusungu alikaanga dagaa, tena madirisha wazi. Stanley akamhukumu kufagia ua peke yake wiki nzima. Lusungu hakushika fagio. Jumatano lori likaja, likashusha matofali. Lusungu akachora mstari wa chokaa kuzunguka nyumba yake. Kisima kilibaki ndani ya mstari. Njia ya kutoka kwa Sekela kwenda getini nayo ilibaki ndani.

"Fundi anakuja Jumatatu," alisema. "Kila mtu akae na kwake."

"Na mie nitapita wapi, kaka? Maji nitateka wapi?"

Lusungu alitazama chini. "Muulize mwenye fimbo."

Alhamisi Sekela alikwenda kumpima gauni Mwalimu Kubra, jirani wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu Kubra alifundisha uraia miaka mingi kabla ya kustaafu, na Sekela alikuwa mwanafunzi wake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo unanichoma na pini?"

Sekela akaweka pini mezani na kumweleza yote. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaumu Stanley, wala Lusungu.

"Ishu yenu wameipata watu wengi," alisema. "Hata nchi nzima huipata. Watu wako tofauti, lakini wanataka kukaa pamoja. Mmoja akiamua kila kitu, wengine wanajenga ukuta. Kila mtu akiamua la kwake tu, kisima kinakosa mwenyewe. Ndiyo maana nchi nyingine zimechagua shirikisho."

"Kama sisi na Zanzibar?"

"Sisi tuna Muungano wenye serikali mbili, una sura yake. Shirikisho ni kama India, alikotoka babu yangu, au Nigeria. Kuna serikali kuu, na kuna majimbo, kila moja na serikali yake."

Alichukua vibiringo vitatu vya uzi, akavipanga mezani. Kisha akachora duara la chaki kuvizunguka.

"Duara ni serikali kuu. Inashika mambo ya wote: jeshi, sarafu, uhusiano na nchi za nje. Kibiringo ni jimbo. Linashika mambo ya watu wake. Kule India, kwa mfano, polisi na hospitali kwa sehemu kubwa viko chini ya majimbo. Na yako mambo wanayoshika pamoja, kama elimu."

Sekela alitafakari. "Sasa nani mkubwa, duara au kibiringo?"

"Hakuna. Mkubwa ni katiba. Ndiyo iliyowapa wote wawili madaraka, na imeandikwa. Serikali kuu haiwezi kuamka asubuhi ikaichukua kazi ya jimbo. Jimbo nalo haliwezi kujichotea kisima cha wote. Kuibadilisha katiba kunataka kukubaliana, tena kwa utaratibu mgumu kidogo."

"Na wakigombana?"

"Mahakama inaamua. Kwa hiyo nikuulize. Pale kwenu, nani anatunga sheria?"

"Kaka Stanley."

"Nani anazisimamia?"

"Kaka Stanley."

"Na aliyemhukumu Lusungu?"

Sekela akacheka, ingawa macho yalikuwa na machozi. "Huyo huyo."

"Hapo ndipo palipoharibika. Kaka yako si mtu mbaya. Amebebeshwa kazi za watu watatu. Bunge litunge, serikali itekeleze, mahakama iamue. Kila mmoja amwangalie mwenzake."

Jioni Sekela alimfuata Stanley barazani kwake na kumwomba kikao.

"Mnataka kuninyang'anya fimbo," Stanley alisema.

"Hapana, kaka. Ila ukuta ukijengwa, utakuwa baba wa nyumba moja."

Stanley aliyatazama matofali ya Lusungu. Kisha akasema, "Mwambie Lusungu Jumamosi, saa kumi."

Jumamosi walikaa kando ya kisima. Sekela alishika daftari. Walibishana sana. Geti, kisima, njia na taa ya nje viliandikwa kuwa mambo ya ua. Chakula, redio ya ndani, wageni na malezi vikawa mambo ya kila nyumba. Kelele baada ya watu kulala na taka vikawa vya ua na nyumba kwa pamoja.

Sheria za ua zitatungwa na kikao, kila nyumba kura moja. Stanley atazitekeleza.

"Na nyumba yangu mie?" Stanley aliuliza.

"Ni nyumba kama zetu," Lusungu alisema. "Uani wewe ni msimamizi. Kwako wewe ni Stanley."

Mwamuzi wa ugomvi walimchagua shangazi yao Bupe, anayekaa Chamazi. Hakuna kati yao anayeweza kumtisha, wala kumfukuza. Mambo haya hayatabadilishwa mpaka nyumba zote tatu zikubali.

Kisha Sekela akaomba mstari mmoja zaidi. Aliuandika kwa mkono wake: hata nyumba mbili zikiungana, haziwezi kuinyima ya tatu maji wala njia.

Lusungu aliusoma mara mbili. Akachukua kalamu, akawa wa kwanza kutia sahihi. Fundi alipofika Jumatatu, alikuta mstari wa chokaa umefagiliwa. Akaambiwa ajenge karo la kufulia kando ya kisima.

Jumapili iliyofuata Stanley alikuwa na wageni. Harufu ya dagaa ikaingia sebuleni. Akanyanyuka, akashika fimbo. Halafu akasimama mlangoni, akampigia simu shangazi Bupe.

"Dagaa wanakaangwa wapi?" shangazi aliuliza.

"Nyumbani kwa Lusungu."

"Na chakula mliandika ni cha nani?"

"Cha kila nyumba."

"Basi umeshajijibu, baba. Msalimie mtoto."

Sekela alimwona kaka yake akitoka. Alidhani ugomvi umeanza upya. Lakini Stanley aliiegemeza fimbo ukutani kwake, akavuka ua mikono mitupu. Alipofika kwa Lusungu, alisimama nje ya mlango.

"Hodi," alisema.

Tangu baba afariki, wadogo zake hawakuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Karibu, kaka," Lusungu alijibu.

"Wageni wangu wanauliza kama dagaa watatosha."

Lusungu akampakulia sahani mbili. Sekela akaleta ndimu.