Umbo la Kushoto

Risasi ya kwanza ilivunja dirisha la maabara saa sita kasoro robo mchana.

Ya pili ilitoboa kiti alichokuwa amekikalia Profesa.

Nge alikuwa ameshamvuta kola na kumlaza sakafuni.

"Umeumia?"

"Miwani yangu..."

"Nimekuuliza wewe, siyo miwani."

Jasusi huyo wa kike, mwaka wa tisa kazini, alichomoa bastola ya Glock 19 kiunoni. Redio ikakoroma sikioni.

"Nge, Mkuu hapa. Mtoe mzee huyo sasa hivi."

"Mzee hatoki!" Profesa alifoka toka chini ya meza. "Kompyuta haijamaliza."

Hakuwa mbishi bure. Malori mawili yalisimama nje ya hospitali kuu, kila moja na shehena ya dawa ya homa iliyokuwa ikiua watu mjini. Shehena moja ilikuwa halisi. Nyingine ilibadilishwa njiani na mlanguzi aliyeitwa Mfamasia, kibaraka wa wageni waliotaka serikali ianguke. Wagonjwa mia mbili wasingefika saa sita na nusu bila sindano. Kuzuia malori yote ni kuwaua. Kukosea lori ni kuwaua.

Dawa na sumu zilitokana na asidi amino ileile. Atomi zilezile, uzito uleule. Tofauti ni umbo tu: moja imegeukia kulia, nyingine kushoto, kama jozi ya viatu. La kulia huponya. La kushoto husimamisha moyo. Mashine ya Profesa ilikuwa imemulika sampuli za malori yote mawili na kuchora mitetemo ya molekuli zake. Sasa kompyuta ilipiga hesabu ya mchoro ambao umbo la kulia lingepaswa kutoa. Mchoro utakaolingana na hesabu, hiyo ndiyo dawa.

"Dakika ngapi?"

"Sita."

Umeme ukakatika.

"Betri ina nne," Profesa alinong'ona. Alichomoa feni, printa, kila kilichokula moto wa betri. "Labda itatosha, binti. Labda."

Mlango ukapigwa teke.

Jitu lenye bunduki fupi likaingia. Nge alifyatua mara mbili. Likaanguka kifudifudi, damu ikatambaa hadi kwenye kandambili za Profesa.

Wa pili aliruka maiti ya mwenzake. Kisu chake kilimchana Nge begani, bastola ikateleza chini ya kabati. Akamkaba koo ukutani. Nge alipapasa mezani, akashika chupa ya naitrojeni ya kimiminika, baridi inayogandisha nyama papo hapo.

Akammwagia usoni.

Ukelele ule haukuwa wa binadamu. Nge alimkamata nywele, akamgongesha kichwa kwenye kona ya meza ya chuma. Mara moja. Mara ya pili haikuhitajika.

Akaokota kisu.

"Dada, tusichoshane."

Mfamasia alisimama mlangoni, suti imenyooka, bastola imemlenga Profesa kichwani.

"Zima hiyo kompyuta, mzee, uende ukalee wajukuu."

Profesa hakugeuka. Machozi yalimtiririka, lakini vidole havikuacha kibodi.

"Tayari," alisema.

Mfamasia alitupia jicho kioo cha kompyuta.

Kisu alichorusha Nge kikamzama kooni. Alipiga magoti, akijaribu kuizuia damu kwa vidole, kisha akalala.

Nge aliinamia kompyuta. Mistari miwili, wa sampuli ya lori la pili na wa hesabu, ilipanda na kushuka pamoja kama mapacha.

"Mkuu. Lori la pili ndilo dawa. La kwanza ni sumu."

"Una hakika?"

Alimtazama Profesa. Profesa akatikisa kichwa kukubali.

"Hakika."

Redio ikakoroma tena: "Sindano zimeanza wodini. Kazi nzuri."

Nge alifunga bega kwa taulo, akashuka ngazi. Polisi waliokuwa wakipanda mbio walimsimamisha.

"Juu kuna watu wangapi?"

"Wanne," alijibu, akiwapisha. "Watatu hawana haraka. Wa nne mpeni chai."