Aliyefungiwa Njia

Asubuhi aliyoondoka, mdogo wangu Consolatha alichuchumaa uani kwetu Isevya, mjini Tabora, akipaka grisi mnyororo wa baiskeli, mkono wa pili ukichota michembe ya viazi vitamu na karanga kwenye bakuli. Mama alimgombeza kwamba grisi na chakula havikai pamoja. Consolatha akacheka, akajifuta kwenye suruali, akaendelea kula. Jirani alikuwa anatwanga, bajaji zinapiga honi barabarani, na mimi nimenuna kwa sababu alikuwa ameoshea baiskeli maji yangu ya kufulia.

Nayasema haya ili mjue kwamba hapakuwa na dalili yoyote. Watu wanapenda kuniuliza kama bundi alilia juu ya paa, kama mama aliota ndoto mbaya. Hakuna. Aliondoka ameshiba, akageuka pale kwenye kona, akapunga mkono.

Kazi yake ilikuwa kwenye kampuni ya utalii ambayo sitaitaja, maana ina mawakili na mimi sina. Inawachukua watu wa Dar wenye hela na hamu ya kuchoka, inawapitisha njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora mpaka Ziwa Tanganyika. Wanaendesha baiskeli kupita Urambo na Malagarasi, wakishavuka Uvinza wanapanda milima kwa miguu wakisukuma baiskeli, wanamalizia kwa kupiga kayaki ziwani. Babu zetu walipita humo na pembe za ndovu mabegani, na wengi wakafia humo. Siku hizi mtu analipia kupita humo humo, na mwisho anapewa fulana.

Kiongozi wa safari alikuwa Festo, mchumba wa Consolatha. Posa alikwishaleta. Kijana mzuri wa sura, mdomo mwepesi. Mbele ya wageni alijifunga kitambaa chekundu kichwani akajiita kirangozi, kama walivyoitwa zamani watu walioongoza misafara. Consolatha yeye alikaa nyuma kabisa, kuziba pancha, kuwavuta waliochoka, kuhakikisha hakuna anayeachwa. Wa mbele husifiwa, wa nyuma hula vumbi. Ndivyo dunia ilivyo na sikuanza kuichukia jana.

Sasa kuna desturi lazima niwaeleze. Kirangozi akifika panda ya njia, hukata tawi bichi na kulilaza kuvuka ile njia isiyofaa, ili walio nyuma yake wasipotee. Hiyo Festo aliijua vizuri, na wageni waliipenda. Lakini ipo nusu ya pili, ambayo marehemu babu yetu alitusimulia mara moja tu na hakutaka kuirudia. Mpagazi akifia safarini, msafara ukishapanda kilima, tawi lililazwa nyuma yao, kwenye njia ileile waliyojia. Maana yake: uliyebaki, baki huko, usitufuate nyumbani. Consolatha alimweleza Festo nusu hiyo pia. Aliisikia kama mtu asikiavyo redio huku anakula.

Yaliyotokea nimeyapata kwa Tobia, mpishi wa safari, mwenyeji wa Ulyankulu, mtu mkimya asiyejua kuongeza chumvi isipokuwa kwenye mboga.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Walikuwa juu ya kilima cha mwisho, mahali ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, na wageni walikuwa wanapigana picha. Tobia alikuwa amekaa kwenye jiwe akikata tikiti maji. Consolatha alikuwa bado huko nyuma, kwenye mteremko. Sauti yake ikatoka kwenye redio ya mkononi ya Festo.

"Festo, nimepata pancha ya nyuma. Naziba, nakuja. Wape wageni maji."

Mgeni mmoja, dada aliyeitwa Shamila, akamwomba Festo afanye lile jambo la tawi, yeye ampige video. Panda ya njia haikuwapo. Pale juu njia ilikuwa moja tu. Festo akaitazama kamera. Akakata tawi la muyombo, akalilaza kuvuka njia waliyopandia, akanyanyua mikono na kusema kwa sauti nzito ya maigizo:

"Aliye nyuma, abaki!"

Wageni wakapiga makofi. Tobia anasema alichokiona kwanza ni nzi. Walikuwa wamejaa kwenye tikiti, na wote wakaondoka kwa pamoja.

Redio ikakoroma.

"Festo, mbona sioni njia?"

"Njia ni moja tu, Conso. Panda."

"Hapa kuna pori tupu. Nawasikia mnapiga makofi, lakini njia imekwisha."

Wakageuka wote. Walimwona, si mbali, ndani ya jaketi lake la rangi ya chungwa. Alikuwa anasukuma baiskeli, anapanda kuwaelekea. Wakampungia. Miguu yake ilikuwa inakwenda. Magurudumu yalikuwa yanazunguka. Lakini mti uliokuwa ubavuni mwake ulibaki ubavuni mwake.

"Anatutania?" akauliza mgeni mmoja, akacheka peke yake.

Sauti ya Consolatha ikarudi, safari hii kwa kunong'ona.

"Festo. Kuna watu nyuma yangu."

Tobia aliliona vumbi kwanza. Akadhani ni ng'ombe wa wafugaji. Kisha wakatokea kwenye miombo, mmoja nyuma ya mwingine, mstari usioonekana mwisho. Walikuwa na mizigo mabegani. Hawakuwa na haraka. Na wao walikuwa wanasogea.

"Wananiuliza kama tumefika," Consolatha akanong'ona. "Niwajibu nini?"

"Kaka Festo," Tobia akasema, "ondoa tawi."

Festo aliinama. Alilishika. Akalinyanyua kidogo upande mmoja.

"Ndiyo, hapo hapo," sauti ya Consolatha ikasema, na ilikuwa na furaha. "Naanza kuiona njia."

Na kule chini, mstari mzima, watu wote wakainua nyuso kwa pamoja. Tobia hajawahi kuniambia nyuso zile zilikuwaje. Nimemuuliza mara nyingi. Hugeukia sufuria zake.

Festo akaliachia tawi.

"Nikiliondoa watakuja wote," akanong'ona.

"Na usipoliondoa?"

Festo akalipa tawi kisogo. Akawaambia wageni wachukue mabegi yao, hali ya hewa inabadilika. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Walikuwa wameanza kuteremka upande wa ziwa redio iliposema tena.

"Wamenifikia. Wamechoka sana, maskini. Wananipa mizigo yao."

Festo akaizima.

Tobia alitaka kurudi. Alirudi mpaka kwenye tawi, akaangalia chini. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na vumbi. Akaogopa, akawakimbilia wenzake, na hilo simlaumu, hakuwa yeye aliyemposa mdogo wangu.

Kesho yake walipiga kayaki. Ndiyo. Kampuni ilisema wageni wamekwishalipa, polisi wamearifiwa, ratiba iendelee. Picha zipo mtandaoni mpaka leo, maji ya buluu, milima nyuma, watu wanacheka na makasia juu. Mtu ameandika chini yake kwamba ilikuwa safari ya kurudisha roho. Ya kwake ilirudi.

Polisi walimtafuta, nao walitafuta kweli. Walichokuta ni baiskeli, imesimama katikati ya njia bila kuegemea kitu, tairi la nyuma limezibwa na kujaa upepo. Kampuni ikatuletea mchele na salamu za pole. Festo alikuja mwenyewe baada ya hapo, amevaa shati jeupe kama mtu anayekwenda misa.

"Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Aliendelea kuchambua mchele. Mnajua kwetu maana ya kunyimwa marahaba.

"Shemeji Martha," akanigeukia mimi, "ningefanyaje? Walikuwa wengi."

"Ulikuwa na mkono," nikamwambia. "Tawi halihitaji wanaume kumi. Ungekuwa mwanamume ungelitupa, wakaja hao watu, mkafa wote pamoja naye."

Alilia. Nikafurahi alipolia. Nikamwita mwoga, nikamwita muuaji, nikamfuata mpaka barabarani ili majirani nao wasikie.

Kisha nikamtafuta Tobia, nikamwambia anipeleke. Tulishuka kwenye treni Uvinza, tukapanda pikipiki, tukamalizia kwa miguu. Tulifika juu asubuhi, umande haujakauka. Miezi ilikuwa imepita na jua la huko mnalijua. Lile tawi lilikuwa bichi. Majani yalikuwa laini, na mahali lilipokatwa palikuwa bado panatoa utomvu.

"Dada Martha," Tobia akasema, "ukiifungua njia unawafungulia wote."

"Mimi namfungulia mdogo wangu. Hao wengine hawanihusu."

Nikalitupa mbali. Nikaita jina lake, nikaita tena. Hakuna kilichotokea. Chini kulikuwa na njia nyembamba na mwanga wa asubuhi, basi. Nikalia pale mpaka Tobia akanishika mkono, tukarudi Tabora.

Nilimwambia mama kwamba nimeifungua. Tangu siku hiyo alianza kufagia uwanja kila jioni, kama mwenye nyumba anayengoja ugeni.

Alikuja jioni. Kengele ya kanisa ilikuwa imelia punde tu, na mimi nilikuwa napakua ugali.

"Hodi. Dada, hodi. Nimefika."

Sauti ilikuwa yake. Mnisikilize vizuri, sitaki mtu aje kuniambia ilikuwa sauti nyingine. Nilimlea mtoto yule, namjua akiwa na mafua, namjua akiwa na usingizi. Alikuwa yeye, na alikuwa amechoka.

Niliuacha mwiko. Nilifika mlangoni mbio. Nikashika komeo.

Ndipo nje pakalia kishindo. Kishindo kizito, kama gunia linapowekwa chini. Kikafuata kingine. Na kingine, ubavuni mwa nyumba. Na kingine, nyuma, upande wa jikoni. Baada ya kila kishindo mtu alishusha pumzi.

"Consolatha," nikanong'ona. "Uko na nani?"

"Na wenzangu. Wametembea sana, dada. Nimewaambia kwetu nafasi ipo."

Komeo lilikuwa mkononi. Nililisogeza kidogo. Nje, pumzi zote zikakoma. Walikuwa wanasikiliza.

Mkono wangu ukakataa.

"Mfungulie," mama akasema nyuma yangu. "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Mfungulie mwanangu."

"Mama, hayuko peke yake."

"Hata aje na nani."

Akanisukuma. Ana miaka mingi na mifupa mepesi, lakini alinisukuma kweli. Niliegemeza mgongo mlangoni, nikamshika mama yangu mzazi mikono yote miwili, nikamzuia. Alinipiga kifuani. Aliniuma bega. Aliita jina la mtoto wake, na mtoto akamwitikia toka nje, "Abee, mama," na mimi sikutoka mlangoni.

"Dada," Consolatha akasema mwishowe. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Basi tutangoja."

Nilikaa pale mlangoni usiku kucha. Sikusikia mtu akiondoka.

Kulipokucha nilifungua. Kwenye mchanga aliofagia mama kulikuwa na nyayo. Mbele kabisa, zimeelekea mlangoni, alama za viatu vya Consolatha, zile soli zake za meno meno. Nyuma yake nyayo za miguu mitupu, nyingi, zimejaa uwanja mpaka kwenye ua, visigino vimezama kama vya mtu aliyebeba mzigo. Mdogo wangu aliyekuwa wa mwisho msafarani, sasa ndiye aliyekuwa anawaongoza. Nilitafuta nyayo za kutoka. Nilizunguka nyumba nzima. Hazikuwapo.

Mvua zimekuja na kwenda. Zimeangusha ukuta wa jirani, zimesomba mkaa wetu wote. Nyayo ziko palepale, kavu, kingo zake kali. Padre amekuja na maji ya baraka, yakanywea kwenye mchanga.

Festo nilimwona sokoni juzi. Amekonda, ameacha kazi. Tulitazamana kwenye mafungu ya dagaa, na mimi ndiye niliyeinamisha macho. Nyani haoni kundule, lakini siku akiliona hana tena pa kutazama.

Mama hasemi nami. Anapika chakula chake, anafua nguo zake, anafagia uwanja jioni akizikwepa nyayo zile kwa uangalifu, asiharibu hata moja. Wiki hii nimeona kitu. Zile alama za viatu, za mbele kabisa, haziko tena mlangoni. Zimegeuka. Ncha zinaelekea dirisha la chumba ninacholala, na zile nyingine zote zimegeuka nyuma yake.

Sikumwambia mama. Jana jioni nilipotoka nikamkuta amelala kifudifudi chini ya dirisha langu, anang'oa majani na kuokota mawe kwa mkono, anawatengenezea njia.